Tupeane uzoefu: Imani yetu mbele ya mizani

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Ninauza dagaa katika mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, na ninaomba tuzungumze jinsi Mkristo anavyobaki mkweli wakati riziki yenyewe inamvuta upande mwingine. Kusali Jumapili hakunipi shida. Shida huanza Jumatatu, mnunuzi kutoka Dar es Salaam anapopandisha gunia kwenye mizani. Wanaoijua kazi hii wanafahamu kwamba dagaa walioanikwa ufukweni hubeba mchanga, na mchanga una uzito, ilhali wale wa kwenye chanja, yaani vichanja vya mbao na nyavu vilivyoinuliwa juu ya ardhi, hutoka safi na wepesi. Mimi nimechagua chanja, ingawa mbao na nyavu zake ni gharama, na mara nyingi jirani yangu anayeanika mchangani huuza kwa bei ya chini kidogo na kumaliza mzigo kabla sijafungua wangu. Mwaka 2024, uvuvi ulipofungwa Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, nilibaki na akiba ndogo huku ada ya shule ikinidai. Mtu mmoja, tena mwanakwaya, aliniambia kwamba kuchanganya mzigo kidogo kwa ajili ya watoto si dhambi. Sikuchanganya, lakini amani sikuipata, kwa sababu moyoni nilimkasirikia Mungu. Wenzangu, nyinyi hapo mnapitaje?

Kutoka Urambo: Tumsifu Yesu Kristu, dada. Kwetu ni tumbaku, na mkulima anapofunga mtumba, yaani robota la majani makavu, ni rahisi sana kuficha majani ya daraja la chini katikati na kuzungushia mazuri nje. Marehemu baba alikuwa akiifungua mitumba yetu upya usiku wa kuamkia soko, akichambua jani moja moja kwenye mwanga wa taa, nasi watoto tulinung'unika kwamba anatupotezea fedha. Nilipoanza kulima mwenyewe ndipo nilipoelewa, kwa maana pembejeo tunakopa kupitia chama cha msingi cha ushirika kwa dhamana ya pamoja, na mtumba ukikataliwa, deni la mwenye nao huwageukia wanachama wengine. Unadhani umemdanganya mnunuzi, kumbe umemtwisha jirani unayesali naye kwenye jumuiya. Kuhusu hasira, usiifiche: Zaburi zimejaa watu waliomlalamikia Mungu waziwazi, wala hakuwafukuza.

Kutoka Tabora mjini: Mimi ninauza asali. Watu wamechoshwa na asali iliyochakachuliwa kiasi kwamba yangu halisi inapoganda huniambia nimetia sukari. Ukweli wangu haunipi hata sifa, na bado ninawaeleza mmoja mmoja kwamba asali safi nayo huganda.

Kutoka Kasulu: Dada yangu, ninakupongeza kwa dhati, lakini ninaomba tusiharakishe kumhukumu huyo wa mchangani, kwa kuwa huenda hana mtaji wa chanja. Mambo ya Walawi sura ya 19, inayodai mizani ya haki, ndiyo hiyo hiyo inayomwagiza mwenye shamba asivune hadi pembeni, ili maskini na mgeni wapate chao. Nimewahi kuona tukihubiri sana ile sehemu ya mizani na kuiruka ya pembe za shamba, labda kwa sababu ya pili inamgusa mwenye kitu. Je, chanja zako zote hujaa?

Mwenye mada: Asante, ndugu wa Kasulu, swali lako limenigusa. Chanja zangu huwa tupu siku za mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika, lakini siku hizo hata jirani yangu hana dagaa wa kuanika. Kumpa nafasi, basi, ni kumpa siku ambazo mimi pia nina mzigo, na hapo ndipo panaponiuma. Nitazungumza naye wiki hii kuhusu chanja moja ya pembeni, nami nitawaeleza atakavyonijibu. Wengine endeleeni kuchangia, hasa walioajiriwa na watu wasiotaka kusikia habari za kipimo cha haki.