Acheni kupulizia rangi nyeusi taa za nyuma: taa ya breki si pambo, ni ya anayekufuata

Ndugu zangu, ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kumezuka mtindo wa watu kununua kopo la rangi nyeusi ya kupuliza, kukaa uani siku ya mapumziko na kuzipaka taa za nyuma za gari mpaka ziwe nyeusi tii, ati gari lipendeze. Video za kufundishana kazi hiyo zimejaa kwenye simu zetu. Utaona kioo cha taa kikisuguliwa kwa msasa laini, kingo zikizibwa kwa selotepu ya karatasi, kopo likitikiswa mpaka gololi iliyo ndani igonge, kisha rangi ikipigwa mkono wa kwanza, wa pili na wa tatu, na mwisho klia ya kung'arisha. Sijaona hata moja ambamo mwenye gari anakwenda kusimama mita 100 nyuma yake, saa saba mchana, jua likiwaka, akamwomba mwenzake akanyage breki.

Dereva haoni taa zake za nyuma. Hakuwekewa yeye. Zimewekwa kwa ajili yangu mimi ninayemfuata, kwa ajili ya mwenye bodaboda aliye nyuma yangu na dereva wa semi-trela anayeteremka mlima akiwa na shehena nzima ya saruji. Kwa hiyo anaposema kwamba gari ni lake na anaweza kulifanya apendavyo, anazungumzia viti, redio na rangi ya bodi. Katika taa ya breki hana uhuru huo, kwa sababu anachokipunguza ni uwezo wa mtu mwingine kunusurika.

Jibu lao huwa ni moja: «Mbona zinawaka?» Ni kweli zinawaka. Ukizijaribu usiku, uani, ukiwa umesimama hatua tatu kutoka kwenye gari, hata mwanga hafifu kabisa utauona. Lakini chukueni balbu ya kawaida ya nyuzi mbili, ambayo imo katika magari mengi tunayoendesha: uzi mmoja ni wa wati 5 kwa ajili ya taa ya usiku, na mwingine ni wa wati 21 kwa ajili ya breki. Tofauti hiyo imewekwa makusudi. Kanuni za watengenezaji, taa hizo mbili zinapokaa pamoja, hutaka mwanga wa breki uwe angalau mara 5 ya ule wa taa ya usiku, ili anayefuata atambue papo hapo kwamba gari lililo mbele linapunguza mwendo. Sasa rangi ikizuia sehemu nne kati ya tano za mwanga, breki iliyokanyagwa mpaka mwisho itatoa mwanga unaolingana na wa gari lisilopakwa rangi ambalo linakwenda zake bila kukanyaga breki. Mimi niliye nyuma nitaona gari linaloendelea na safari, kumbe limesimama. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kila sekunde moja ya kutokuelewa hiyo inakula mita 22 za barabara.

Kuna jambo jingine ambalo wapakaji hawa hawalitaji kabisa. Ndani ya taa nyingi za nyuma, au chini yake kwenye bampa, kuna kipande chekundu chenye vipembe vidogo vidogo ambacho hakina balbu. Kazi yake ni kurudisha mwanga wa taa za gari linalokuja. Hicho ndicho kinacholinda gari lililozimika usiku kando ya barabara likiwa halina hata tone la umeme. Kukipaka rangi ni kosa kubwa kuliko kupaka taa yenyewe, kwa maana mwanga hupita kwenye rangi mara mbili, unapoingia na unapotoka. Rangi inayopitisha nusu ya mwanga hukiachia robo tu, na inayopitisha theluthi hukiachia sehemu moja ya tisa. Gari hilo likiharibika usiku baada ya Makambako, ukungu ukiwa umeshuka, ni nani atakayeliona kwa wakati?

Nimeyaona haya mwenyewe nikitoka Iringa na familia yangu, ndani ya Hifadhi ya Mikumi, jioni, jua likiwa nyuma yetu linapiga moja kwa moja sehemu ya nyuma ya magari yaliyotutangulia. Swala walikatiza barabara, na gari la mbele yangu, ambalo taa zake zilikuwa zimepakwa, likafunga breki. Sikuona wekundu wowote. Niliona kioo cheusi kinachometameta kwa jua, kisha nikaona gari linazidi kuwa kubwa. Tulisimama pakiwa pamebaki nafasi ambayo hata mtoto asingepita katikati, na mke wangu akawa anatetemeka. Nilimkuta dereva yule pale Doma akinunua nyanya, nikamsalimia kwa adabu na kumweleza kilichotokea. Akaniambia: «Mzee wangu, taa zinawaka, labda macho yako ndiyo yamechoka.» Kijana anayeweza kumjibu hivyo mtu ambaye nusura amgonge anahitaji kuambiwa ukweli hadharani, na ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Ninalaumu pia usimamizi. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu mwaka 1973, na sote tunajua kwamba ukisimamishwa na balbu moja ya breki ikiwa imeungua, unaandikiwa faini ya shilingi 30,000. Sina ugomvi na hilo. Ninachouliza ni kwa nini gari ambalo taa zake zote mbili zimefunikwa rangi linaruhusiwa kuendelea na safari. Askari husimama karibu kabisa na buti, humwambia dereva akanyage breki, huona mwanga kwa mbali ndani ya weusi ule, na ukaguzi unaishia hapo. Japani, ambako ndiko yanakotoka mengi ya magari yetu, kanuni hutaka taa ya nyuma ionekane usiku kutoka mita 300, na taa ya breki ionekane mchana kutoka mita 100. Gari lilitoka huko likiwa linakidhi masharti hayo. Sisi ndio tunaoliharibu kwa kopo moja la rangi.

Mafundi nao wasijifiche nyuma ya maneno «mteja ndiye aliyetaka». Fundi anayejua kwamba kazi anayoifanya inaficha breki anapaswa kuikataa, kama ambavyo angekataa kukata bomba la breki. Mwenye kupenda mwonekano mweusi atafute taa zilizotengenezwa hivyo kiwandani, ambazo mwanga wake ulipimwa kioo kikiwa na rangi hiyo. Wanaosambaza video za kufundisha wengine waziondoe.

Aliyekwisha kupaka bado anaweza kurekebisha, na si kazi ya gharama kubwa. Asitumie tina wala petroli, kwani plastiki ya taa huweza kuingia nyufa ndogo ndogo zisizotoka tena. Achukue msasa wa maji, aanze na namba 800, aende 1000, kisha 2000, akimwagia maji muda wote, na amalizie kwa polishi mpaka wekundu urudi. Ikishindikana, maduka ya spea ya Gerezani pale Kariakoo yana taa zilizotumika za magari mengi haya. Waliopaka na taa za mbele wajue kwamba msasa huondoa pia utando unaoikinga plastiki na jua, kwa hiyo baadaye taa hizo zitageuka njano. Huko ni afadhali kubadilisha kabisa.

Kuanzia sasa, kila gari la namna hiyo nitakalokutana nalo safarini nitachukua namba zake na kuzifikisha kwa askari wa kituo kinachofuata, na sitamwomba radhi mwenye gari hata awe jirani yangu.