Taa za dashibodi zinacheza usiku: tupeane uzoefu, tatizo lilikuwa nini na lilitengenezwaje

Mleta mada, Mbeya
Wakuu, habari za jioni. Naomba tukusanye hapa visa vya taa za dashibodi kuchezacheza, maana watu wanauziwa alteneta (kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka) kwa tatizo la boliti moja.

Naanza na la kwangu. Gari lilikuwa limetoka kunyooshwa bodi na kupigwa rangi. Usiku nikiwasha indiketa, taa zote za dashibodi zinafifia na kurudi sambamba nayo, na mshale wa joto unarukaruka. Gereji ya kwanza wakasema alteneta imekufa. Nikamwita fundi umeme. Akapima betri injini ikiwaka, ikasoma volti 14.1, yaani inachaji vizuri. Kisha akawasha taa kubwa, akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha bodi. Hapo haitakiwi kuzidi volti 0.2 hivi, yangu ilikaribia volti nzima. Kumbe rangi ilipulizwa hadi pale waya wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na bodi, unapofungwa. Akakwangua mpaka chuma kikang'aa, akakaza boliti, akapaka grisi juu. Hatukununua kifaa chochote.

Ukiandika chako, taja dalili, ulichopima na kilichotengenezwa. "Nilibadilisha likapona" haimsaidii anayesoma.

Mdau, Mombasa
Huku kwetu hewa ya chumvi inakula kila chuma. Mimi taa zilikuwa zinapepesa nikipita kwenye matuta tu, barabara ikinyooka zinatulia. Nilipofungua boneti, kichwa cha chanya cha betri kilikuwa kimeota unga wa kijani na nyeupe, na ukikishika kinazunguka kwa mkono. Nikafungua hasi kwanza, halafu chanya, nikaosha kwa maji ya moto yenye baking soda, nikakausha, nikasugua kwa brashi ya waya, nikarudisha chanya kwanza na kukaza. Hadi leo ziko sawa. Jaribu kukishika kichwa cha betri kabla hujatoa pesa.

Dada, Dodoma
Kwangu taa kubwa zilikuwa zimetulia kabisa, za dashibodi tu ndizo zilizopepesa. Fundi aliniambia hilo peke yake linatosha kuiondolea lawama alteneta, kwa sababu umeme ukiyumba kwenye chaji, taa kubwa nazo zinayumba. Chanzo kilikuwa kile kinobu kidogo cha kupunguza mwanga wa dashibodi. Ndani kimechakaa, ukikigusa taa zinaruka. Kilisafishwa kwa spreya ya kusafishia viunganishi, kikapona kwa muda, mwishowe tukaweka kingine cha mtumba. Na jirani yangu yeye alitoa balbu za kawaida akaweka za LED, zikapepesa kila akipunguza mwanga. Akiongeza mwanga hadi mwisho zinatulia. Alirudisha balbu za zamani.

Fundi umeme, Mwanza
Nashukuru mada hii. Niongeze visa viwili ninavyokutana navyo sana.

Kwanza, diodi za alteneta, yaani vipande vinavyogeuza umeme wake wa AC (unaobadili mwelekeo) kuwa wa DC wa kuchaji betri. Mita inaweza kusoma volti 14 safi na bado taa zikapepesa haraka haraka, kasi ikibadilika na mzunguko wa injini. Weka mita upande wa AC, injini ikiwaka na taa kubwa zimewashwa, pima kwenye betri. Ikizidi volti 0.5, kuna diodi imekufa. Mara nyingi hubadilishwa sahani ya diodi peke yake, kama ilivyo kwa brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya alteneta) na IC (kidhibiti volti). Usikubali kununua alteneta nzima kabla haijafunguliwa ukaona.

Pili, mkanda uliolegea. Utausikia unalia asubuhi au kwenye mvua, na taa zinafifia ukiwasha kiyoyozi.

Na hili nawasihi kwa dhati: mtu asitoe kichwa cha betri injini ikiwaka eti anajaribu alteneta. Betri ndiyo inayoutuliza umeme ule. Ukiiondoa, volti zinaruka ghafla na zinaweza kuunguza IC, diodi na hata kompyuta ya gari. Nimepokea magari ya namna hiyo, na bili yake inauma.

Mdau, Morogoro
Fundi, nisaidie. Zangu zinafifia, na taa ya betri inawaka hafifu, huioni mpaka kuwe giza. Nimepima sasa hivi injini ikiwaka: 12.2. Nikikanyaga mafuta haipandi. Alfajiri nina safari ya Tanga na familia.

Fundi umeme, Mwanza
Ndugu yangu, usitoke. Hapo alteneta haichaji kitu, betri inabeba mzigo wote peke yake: taa, feni, pampu ya mafuta. Itakuzimikia njiani, na giza halijaisha. Kuichaji betri usiku huu hakuondoi tatizo. Zima injini uangalie mkanda, kisha ule waya mnene wa nyuma ya alteneta na fyuzi yake kubwa. Vikiwa vizima, alteneta ifunguliwe. Anza na brashi na IC.

Mdau, Morogoro
Nimeangalia kwa tochi. Mkanda umekaza, fyuzi nzima. Asubuhi naita fundi wa hapa aishushe alteneta, na familia itapanda basi. Nitaandika atakachokikuta ndani.