Mtoto wako alianza lini kuunganisha sauti na kitu? Tupeane uzoefu

Habari wakuu. Binti yangu ana miezi mitano. Jana mfuniko wa sufuria umenidondoka jikoni, kageuka moja kwa moja kuutafuta sakafuni. Alipokuwa na miezi miwili angeshtuka tu, mikono juu, macho darini.

Mwaka 1982 watafiti Patricia Kuhl na Andrew Meltzoff, kule Seattle, Marekani, waliwaonyesha watoto wa wiki 18 hadi 20 filamu ya nyuso mbili, moja ikitamka "a", nyingine "i". Sauti iliyosikika ni moja tu, tena inatokea katikati. Watoto wakautazama zaidi uso uliolingana na ile sauti. Hawajui hata kuketi! Wa kwenu je?

mama_wawili
Wangu alijua bodaboda ya baba yake. Zinapita kumi, hana habari. Ikija ile yenye egzosi iliyotoboka, macho mlangoni. Siku moja jirani kaiazima, kaingia yeye. Mtoto kamtazama, kaangua kilio. Jirani mpaka leo anadai tulimsema vibaya ndani.

baba_safari
Mimi yalinikuta. Nilikuwa kikazi Mtwara miezi mitatu, kila jioni naongea na mwanangu kwa simu, sauti tupu, bando la video liko wapi? Nimerudi, namwita jina, anageukia simu iliyoko mezani. Nikaongea tena. Simu. Mama yake anacheka mpaka anakaa chini. Ilichukua siku nne hivi.

mgeni_mlezi
Wa kwangu miezi minane, nikiongea ananikodolea mdomo. Nilidhani nina mchicha kwenye meno.

Mleta mada
@mgeni_mlezi 😂 umri huo wengi huhama kwenye macho, wanafuata midomo. Ndipo sauti inapoonekana.

mama_J
Niongeze upande wa pili. Wangu hakugeuka kwa lolote. Mama mkwe akasema mtulivu, kamrithi babu. Nikija mbele yake anacheka, kwa hiyo na mimi nikaridhika. Ana miezi tisa nikagonga sinia nyuma ya kisogo chake, wala hakupepesa. Tukaenda kupima masikio, hasikii vizuri. Msisubiri kama mimi.

Sasa anavaa shimesikio, kile kifaa cha kumsaidia kusikia. Wiki ya kwanza alidondosha kijiko, akakitazama, nikamwokotea, akadondosha tena. Nimeokota mpaka mgongo ukauma.