Barua pepe ya ofisi imejaa hadi inarudisha barua za watu. Mnazimudu vipi?

Dada wa Ipagala
Habarini wadau. Naratibu miradi ya visima katika shirika dogo hapa Dodoma. Vijiji vyetu viko Bahi, Chamwino na Mpwapwa. Kila kitu kinapitia kwangu: ripoti za mafundi, ankara za pampu, maombi ya posho, mialiko ya vikao. Akaunti yenyewe ni Gmail ile ya bure. Zipo zaidi ya 9,000 ambazo hazijafunguliwa, na sasa wenzangu wa Mpwapwa wananipigia simu kwamba ripoti yao imegoma kuingia, nafasi imeisha. Hesabu tunafunga Juni 30. Kufuta naogopa, maana ushahidi wa malipo umo humo humo. Naomba kitu ninachoweza kuanza kesho asubuhi. Msiseme niajiri msaidizi, fedha hiyo haipo.

Fundi Nkuhungu
Pole dada. Anza na nafasi. Gmail ya bure ina GB 15, na hizo zinagawanywa kati ya barua, Drive na picha za simu ulizohifadhi kwenye akaunti hiyo hiyo. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika has:attachment larger:10M. Zitakuja zile nzito tu. Pakua unazohitaji, weka kwenye diski ya nje, kisha zifute na umwage Tupio, kwa sababu kilichomo bado kinakula nafasi. Kuziondoa kikashani (Inbox) bila kuzifuta hakupunguzi chochote, wengi hudhani kunasaidia.

Mzee wa Masjala
Mwanangu, nimestaafu baada ya kufanya kazi masjala maisha yangu yote, na tatizo lako nalifahamu. Barua ikiingia masjala hailali pale inapofunguliwa. Inagongwa muhuri wa tarehe, inaandikwa kwenye rejesta, inapewa folio, yaani namba yake ya mfuatano, ndani ya jalada lake, inapelekwa kwa afisa anayehusika. Jalada hufunguliwa kwa jambo, si kwa jina la aliyeandika. Wewe unaishi kwenye meza ya kufungulia barua.

Tengeneza majalada machache: visima vya Bahi, vya Chamwino, vya Mpwapwa, malipo, utumishi. Hizo za zamani usizisome. Tafuta older_than:1m, yaani zilizopita mwezi mmoja, zichague zote, ziondoe kikashani kwa pamoja. Ukihitaji moja utaitafuta kwa jina la kijiji. Barua unazopewa nakala tu ziwekee kichujio cha cc:me ziingie jalada lake, uzipitie mara moja kwa siku. Inayosubiri jibu la mtu iandikie kwenye shajara tarehe ya kuirejea, halafu iondoke mbele yako.

Kuhusu malipo nasema kwa uzito: ushahidi wa fedha za wananchi usikae kwenye akaunti ya mtu mmoja. Ukihamishwa au ukiugua, mkaguzi ataukuta wapi? Kila hati ya malipo iende kwenye hifadhi ya ofisi ikiwa na namba yake, siku ile ile.

Mama Kisasa
Naongeza moja. Waambie walio vijijini kichwa cha barua kianze na jina la kijiji na mwezi, na wapunguze ukubwa wa picha kabla ya kutuma. Pia hizi "asante, nimepokea" zinazotumwa kwa ofisi nzima zikome. Sisi mkuu wetu alilisemea kikaoni, na zilipungua kweli.

Dada wa Ipagala
Shikamoo mzee. Asanteni sana nyote. Nimetafuta zile nzito: karibu zote ni video za uchimbaji, na ripoti ya Mpwapwa sasa imeingia. Mzee, swali: ankara ya pampu ya Bahi inahusu visima na inahusu malipo. Niiweke jalada lipi?

Mzee wa Masjala
Marahaba. Kwetu barua halisi ilikaa jalada moja, la pili likapata nakala. Hapo fedha ndiyo itakayokaguliwa, kwa hiyo halisi iende malipo.

Fundi Nkuhungu
Na kwenye Gmail huna haja ya nakala. Majalada yake ni lebo, barua moja inabeba hata mbili. Bandika zote.