Majivu ya makapi ya mpunga wa Ahero yanabaki na weusi

Swali (Mwanafunzi, Kisumu): Hamjambo. Ninachoma makapi ya mpunga wa Ahero kwa nyuzi 700 za Selsiasi ili nipate silika (oksidi ya silikoni), lakini majivu yana punje nyeusi hata nikiyaacha tanurini kwa muda mrefu. Je, niongeze moto?

Jibu (Fundi wa Maabara, Nakuru): Usiongeze. Weusi huo ni kaboni iliyonaswa, kwa sababu potasiamu iliyomo kwenye makapi huifanya silika iyeyuke mapema na kuifunika kaboni, hewa isiifikie. Chemsha makapi kwanza katika asidi hafifu ya hidrokloriki, uyasuuze vizuri na kuyakausha, ndipo uyachome.

Jibu (Mwalimu, Kakamega): Tena moto ukizidi, silika hugeuka fuwele za kristobaliti, ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Ukipima kwa eksirei itokayo kwenye shaba, grafu ya silika isiyo na fuwele huonyesha kilima kipana karibu na pembe (2θ) ya digrii 22, wala si vilele vyembamba.

Mwanafunzi: Asante, mwalimu. Na nikiitaka kaboni hiyo?

Fundi wa Maabara: Yapashe makapi joto ndani ya nitrojeni, upate silika na kaboni pamoja. Kisha uchome sampuli kavu hewani. Uzito unaopotea ndio kaboni, kwa makadirio.