Naomba ushauri: Marangu au Machame kwa mwenye goti bovu?

Habari zenu wakuu. Mwezi wa pili napanda Kilimanjaro na mdogo wangu, ila njia hatujaelewana. Mimi nataka Marangu kwa sababu unalala kwenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, si kwenye hema. Yeye kang'ang'ania Machame: tupite uwanda wa Shira wenye mawe meusi ya basalti, tufike mwamba wa Lava Tower, mita 4,600 hivi, halafu tushuke kulala kambi ya Barranco ili mwili uzoee hewa nyepesi ya juu. Hoja yake ina maana, sibishi.

Tatizo ni goti la kushoto. Mwaka jana nikishuka Uluguru lilivimba hadi suruali ikabana, na wa Machame wanashukia Mweka, mteremko mtupu. Waliopita huko, fimbo mbili zinasaidia kweli au ni mbwembwe tu? Na kwa Marangu, ile siku ya ziada pale Horombo ina faida, au nibane hela? (Kitambi ninacho, msinicheke.) Njia ya Rongai sijaiweka kwenye hesabu, labda mtu anishawishi.