Mjadala: Vyuo vikuu vya Mbeya na Iringa vimetupunguzia umaskini gani?

Mkulima wa Isongole
Wakuu salaam. Naomba tuongee bila matusi. Huku kwetu Rungwe kila msimu wanashuka vijana wa vyuo na hojaji. Umelima eka ngapi, mbolea mifuko mingapi, viazi umemuuzia nani, watoto wangapi, nyumba ya bati au nyasi. Unaweka jembe chini, unajibu. Wanapiga picha, wanaondoka. Sijaona aliyerudi kutuambia majibu yetu yalisema nini. Mbeya kuna MUST (chuo cha sayansi na teknolojia), kuna Mzumbe, kuna chuo cha afya cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Iringa kuna Mkwawa, RUCU na Chuo Kikuu cha Iringa. Wasomi wote hao, na viazi bado vinatoka shambani kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, wakati sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Swali: vyuo hivi vina wajibu gani kwa maskini wanaovizunguka, na vifanye nini?

Dogo wa Iyunga
Shikamoo mzee. Hojaji ni ya ripoti ya mwaka wa mwisho, bila hiyo sihitimu. Nauli ya kuja huko natoa kwenye bumu langu mwenyewe, hela ya mkopo wa kujikimu. Nirudi kwa nauli ya nani?

Mkulima wa Isongole
Marahaba. Hata simu huna?

Nzovwe Juu
Mnachanganya mambo. Kazi ya chuo ni kufundisha. Lumbesa ni kazi ya Wakala wa Vipimo, umaskini ni kazi ya serikali. Mwanafunzi wa uhandisi akusaidie nini na dalali wa viazi? Walionufaika na vyuo hapa mjini ni wenye nyumba wa Ikuti tu, wanaojenga mabanda ya kuku wakayaita geto, chumba cha mwanafunzi, halafu bumu likitoka na kodi inapanda.

Mnyalu Asilia
Kamweneee! Nzovwe Juu usiturudishe nyuma. Mwalimu Nyerere alishalimaliza hili miaka ya sitini. Alisema msomi ni kama mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Akila akatokomea, huyo ni msaliti. Mkulima wa Isongole ndiye aliyetoa chakula, sasa anauliza mtu wake yuko wapi.

Mwalimu Bila Kituo
Huyo mtu wa Mwalimu alipewa chakula bure. Mimi nilikopeshwa. Siku nikipata ajira Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara kabla sijanunua hata sabuni. Msaliti ni nani hapo? Nimesoma ualimu Iringa, hesabu na fizikia, niko nyumbani nauza vocha. Nataka sana kurudisha chakula, nipeni darasa.

Bi Mkubwa wa Ikuti
Nzovwe Juu, nimekusoma. Mabanda ya kuku? Mimi ni mjane, nilianza na vyumba viwili vya tofali za kuchoma, hela nimetoa kwenye vitumbua. Leo nina vyumba 14, na kwa vyumba hivyo nimesomesha watatu. Wakati MUST bado inaitwa Mbeya Technical huku kulikuwa mashamba ya mahindi, hatujui hata nguzo ya umeme. Usinitukane.

Nzovwe Juu
Sijataja jina la mtu, Bi Mkubwa. Ukiona kofia imekukaa, ivae.

Bi Mkubwa wa Ikuti
Naivaa na nakujibu. Bodi inawapa watoto hawa elfu kumi kwa siku, chakula na malazi. Chumba changu elfu arobaini kwa mwezi. Gawanya siku thelathini: elfu moja na mia tatu na ushee. Inayobaki wanaipeleka wapi? Waulize wauza chipsi wa Mafiati. Usiku boda hazilali.

Dogo wa Iyunga
Mama, samahani, elfu kumi ni kwa mwenye mkopo. Wako wengi wasio nao. Na elfu arobaini unaidai ya miezi sita kwa mkupuo. Hilo hukulisema.

Bi Mkubwa wa Ikuti
Nikidai mwezi mwezi mnahama usiku na godoro.

Kijana wa Mwanjelwa
Hahaha, mama kamaliza.

Mdau wa Uyole
Naomba turudi kwenye hoja. Mahindi ya UH 6303 na UH 615 mnayopanda, maharage ya Uyole Njano, vyote vimetoka kituo cha utafiti wa kilimo Uyole. Uyole si chuo kikuu. Ukitaka kujua nani kapunguza njaa Nyanda za Juu Kusini, jibu liko barabarani kabla hujafika mjini. Watu wanapita na basi bila kugeuza shingo.

Mnyalu Asilia
Na watafiti wa Uyole waliota kama uyoga? Wamepita SUA, chuo kikuu cha kilimo. Kwa hiyo chuo kikuu kimesaidia, ila cha Morogoro. Sisi tunauliza vya hapa.

Nzovwe Juu
Mnyalu wewe nyamaza kwanza. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto wadumavu kwenu Iringa wanakaribia 57 kwa kila 100, wakati kitaifa ni 30. Mahindi mnayo, maziwa mnayo, mboga mnazo, vyuo vikuu vitatu mjini mnavyo. Mnawapa watoto ulanzi, hiyo pombe yenu ya mianzi, au nini?

Mnyalu Asilia
Hayo ni matusi ya kikabila na nitayajibu. Kwanza udumavu hauletwi na pombe tu. Mama Mhehe yuko shambani tangu alfajiri, mtoto kaachiwa bibi na uji mweupe, anakula mara mbili kwa siku, na maharage yakivunwa yanauzwa debe zima kulipa madeni. Pili, Njombe na Rukwa nao wako juu kwenye orodha hiyohiyo, mbona hukuwataja? Tatu, ulanzi ni kinywaji cha heshima, wewe umezoea pombe za kwenye vichupa vya plastiki ndiyo maana unaongea hivi.

Msomi Kivuli
Mnyalu umegusa jambo lenyewe halafu ukaenda kupigania ulanzi. Mimi nafundisha chuo kimojawapo kati ya vilivyotajwa, sitasema kipi. Tatizo haliko kwa vijana. Mhadhiri anapandishwa cheo kwa machapisho. Nikikaa miezi mitatu Umalila na wakulima tunapima tindikali ya udongo, tunajaribu chokaa ya kuipunguza (na chokaa haiko mbali, inachimbwa Songwe), mahindi yakazaa vizuri, kwenye faili langu ni mstari mmoja chini ya "huduma kwa jamii". Nikiandika makala ya kurasa kumi kuhusu tindikali hiyohiyo, ikatoka kwenye jarida ambalo hakuna mkulima atakayelisoma, napanda cheo. Badilisheni kipimo, mtaona wahadhiri wanavyopigana vikumbo kwenye basi la Umalila.

Kijana wa Mwanjelwa
Kwa nini hutaji chuo? Unaogopa nini?

Msomi Kivuli
Naogopa mkuu wa idara, kijana. Una swali lingine?

Kijana wa Mwanjelwa
Ndiyo hao wasomi wetu. Hata kwenye mjadala wanajificha chini ya meza.

Fundi wa Sae
Mimi ni seremala, nitaongea pesa. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Chuo kinanunua nini kila mwaka? Viti, meza, milango, mchele, maharage, kufyeka majani, usafi. Mchele wa Kyela na Mbarali uko hapa, mbao za Mufindi na Sao Hill ziko hapa. Kikundi chetu tulijaribu kuingia kwenye NeST, mfumo wa zabuni za serikali mtandaoni, tukakwama kwenye nyaraka, mara namba ya mlipakodi ya kikundi, mara hesabu za kikundi. Vyuo hivi vina wanafunzi wa ununuzi, wa uhasibu na wa sheria. Waje Sae Jumamosi mbili kwa muhula, wakae na vikundi, wajaze, iwe ndiyo mafunzo yao kwa vitendo na wapewe alama. Hapo chuo hakijatoa hata shilingi. Halafu kwa ununuzi wake chenyewe kikague ni ngapi ya hiyo asilimia 30 imebaki mkoani. Hatuombi msaada, tunaomba zabuni ya viti.

Kijana wa Mwanjelwa
Ndefu sana mkuu, fupisha.

Nzovwe Juu
Bi Mkubwa, nina habari yako. Kuna mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa elimu ya juu, umeanza 2021. Vyuo vinajengewa madarasa, maabara na mabweni. Mabweni yakijaa, hayo mageto utawapangisha popo?

Bi Mkubwa wa Ikuti
Ndiyo nauliza siku zote! Chuo kikisema kinapunguza umaskini kikatujengea mabweni, kinapunguza wa nani? Mtaa huu wote unakula kwa wanafunzi. Mama wa genge, kinyozi, dobi, wa steshenari. Mkiwafungia ndani ya geti wanakula kantini ya mzabuni mmoja. Huo ndio ukombozi?

Dogo wa Iyunga
Mama, dada zetu wanatembea usiku kutoka maktaba mpaka geto. Wanavamiwa. Mabweni si anasa.

Bi Mkubwa wa Ikuti
Hilo sikatai, mwanangu. Wa kike wapewe mabweni. Wa kiume mniachie.

Mwalimu Bila Kituo
Sasa mjadala umekuwa wa vyumba.

Mkulima wa Isongole
Nimeona. Nilikwenda kupanga magunia, narudi nakuta ulanzi na mageto. Msomi Kivuli, hilo la chokaa, mfuko mmoja unatosha eneo gani?

Msomi Kivuli
Haijibiki bila kupima, mzee wangu. Inategemea tindikali ya shamba lako. Chota udongo sehemu tofauti za shamba, uchanganye, upeleke Uyole upimwe. Usimwage kwa kukisia, utapoteza hela.

Mdau wa Uyole
Asante. Nilisema ni Uyole.

Mnyalu Asilia
Mimi bado nasubiri Nzovwe Juu aombe radhi kwa la ulanzi.

Nzovwe Juu
Subiri. Bi Mkubwa, vyumba 14 mara elfu arobaini ni laki tano na sitini kwa mwezi. Asilimia 10 ya pango unaipeleka TRA?

Bi Mkubwa wa Ikuti
Wewe ni mchangiaji au afisa kodi? Kodi ya jengo nakatwa kwenye LUKU, nikinunua umeme, kila mwezi. Na hivyo vyumba 14 havijai mwaka mzima, wakifunga chuo nabaki na wanne. Kafundishwe hesabu za likizo.

Fundi wa Sae
Hata hayo mabweni, swali ni nani atatengeneza vitanda. Mkandarasi mkubwa anakuja na kontena, vitanda vya chuma, mafundi wake. Sisi tunaitwa kubeba zege.

Kijana wa Mwanjelwa
Bi Mkubwa, vyumba 14 vina vyoo vingapi?

Bi Mkubwa wa Ikuti
Viwili.

Dogo wa Iyunga
Mama, si kilikuwa kimoja?

Bi Mkubwa wa Ikuti
Dogo, kumbe ulishakaa kwangu? Nimeongeza cha pili. Kina maji.

Dogo wa Iyunga
Saa ngapi?